"Bias", "skew", "distort", "slant": tukiyatafsiri yote kwa upendeleo na upotoshaji tunawatia watu hatiani

Mtafsiri wa Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Kazi yangu hapa Mtwara mjini ni kutafsiri. Napokea ripoti za Kiingereza za watafiti na watu wa miradi, nazigeuza Kiswahili, na mara nyingine napanda gari nao kwenda kuzisoma mbele ya wanakijiji. Mwezi uliopita nilipewa ripoti ya utafiti wa kaya za wakulima wa korosho kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Ndani yake mlikuwa na sentensi mbili fupi. Ya kwanza ilisema sampuli ni "biased" kuelekea kaya zilizo karibu na barabara ya lami. Ya pili ikasema kwa hiyo matokeo huenda yakawa "skewed".

Kwa haraka na kwa mazoea nikaandika: "Sampuli ina upendeleo kwa kaya za kando ya barabara, hivyo matokeo yanaweza kuwa yamepotoshwa."

Siku ya mkutano nikasimama mbele ya ofisi ya kijiji, nikasoma. Nilipofika pale pakawa kimya. Mzee mmoja akanyanyuka, akauliza bila kupaza sauti: "Upendeleo wa nani? Na aliyepotosha ni nani?" Waliopita nyumba kwa nyumba na madodoso ni vijana wanne wa kijiji hichohicho. Macho yote yakawageukia. Mama mmoja akasema alijua tu, maana nyumba ya jirani ilihojiwa na yake ikarukwa. Binti mmoja kati ya wale wanne alikuwa amekaa mkekani karibu na miguu yangu. Nilimwona anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja tena, kisha akanyanyuka akaondoka bila kuaga mtu.

Ukweli ni kwamba mvua zilikuwa zimekata njia za ndani. Gari halikupita, wakahoji waliowafikia. Hakuna aliyependelewa na hakuna aliyedanganya. Aliyewatia hatiani ni mimi, kwa maneno mawili.

Tangu hapo nimekaa na kamusi. Nianze na "bias", maana ndilo lililonichoma. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na maana yake ya mwanzo ni mshazari tu, kitu kilichokaa upande upande. Halina mtu mbaya ndani yake. Likaingia kwenye mchezo wao wa kuviringisha matufe juu ya nyasi. Tufe la mchezo ule halikuchongwa duara kamili, upande mmoja umezidi kidogo. Ukiliviringisha linakwenda sawa mwanzoni, likianza kuishiwa nguvu linakata kona taratibu kuelekea upande wake. Mwelekeo huo wa tufe nao wakauita "bias". Mchezaji anaujua na anaupigia hesabu: analenga pembeni ili tufe lifike katikati. Neno likahamia pia kwenye moyo wa mtu, likawa upendeleo wa hakimu au wa refa. Sasa mwanatakwimu akiandika "biased sample", yuko karibu zaidi na lile tufe kuliko na refa. Mimi kule kijijini nilisoma refa.

"Skew" nalo lilitokana na Kifaransa cha kaskazini, kwenye maana ya kukwepa, kama punda anavyojitupa pembeni akiona kitu njiani. "Distort" ni la Kilatini, kunyonga kitu, kukisokota, na shina lake ndilo lililozaa neno lao la mateso. Ndiyo maana "distort" linauma zaidi masikioni. Lakini hata hilo hulitumia kwa spika mbovu, na spika haina nia.

Kuna moja limenigusa sana sisi watu wa pwani. "Garble". Leo ni kuuvuruga ujumbe mpaka haueleweki. Zamani lilikuwa kuchekecha. Lilipita kwa Waarabu, gharbala, likapita Italia, likafika London likiwa neno la biashara ya viungo. Jiji la London lilikuwa na afisa wa kukagua viungo, kuvichekecha na kutoa takataka. Kazi ya uaminifu kabisa. Ila anayechekecha ndiye anayeamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Polepole neno likawa kuchagua katika maneno ya mtu yale yanayokufaa na kuyaacha mengine, mwisho likawa kuvuruga. Mikono ni ileile na chekeche ni lilelile.

Sasa lililonifanya nifungue uzi. Mara nyingi Kiingereza hubadilisha neno zima ili ujue kama nyuma yake kuna mtu au hakuna. Data zikiegemea upande zenyewe, wataandika "skewed". Mtu akizigeuza kwa makusudi, wataandika "twisted" au "doctored". Kiswahili hakina haja hiyo, kwa sababu kinabadilisha mkia. Potoka, potosha. Pindika, pindisha. Kengeuka, kengeusha. Benuka, benua. Ukisema ubao umebenuka hujamtaja mtu, labda ni jua, labda ulipasuliwa mbichi. Ukisema umebenuliwa, nitauliza na nani.

Tazameni kosa langu. Niliandika "yamepotoshwa". Ile -sh- imemleta mtu, na ile -w- imemficha. Hapo ndipo pabaya kuliko kote, maana nimesema mkosaji yupo na sikumtaja, basi kila mmoja akamtafuta wa kwake. Yule mzee aliisikia sarufi vizuri kuliko mtafsiri.

Ombi langu: kila mmoja aseme kwenye kazi yake kitu kikienda upande bila mtu kukipeleka wanakiitaje. Nataka neno la kurudi nalo kijijini. Nawasilisha.

Fundi Hanamu, Lindi

Kaka, pole sana, na huyo binti mpe pole zangu.

Hiyo "bias" imo kwenye cherehani kila siku. Mama aliyenifundisha ufundi hapa Lindi alikuwa anasema "kata hanamu". Kitambaa kina nyuzi za mtande zinazokwenda na urefu na za mshindio zinazokatiza. Ukikata kwa kufuata mtande, kitambaa kinakaa kigumu. Ukikigeuza ukakata kona kwa kona, pembe ya digrii 45, kitambaa kilekile kinavutika na kinalala mwilini. Ukanda wa kufungia shingo ya gauni lazima ukatwe hanamu, la sivyo hauzunguki, unafanya makunyanzi. Kwenye vitabu vya ushonaji vya Kiingereza wanaita "bias" hiyohiyo.

Ila kuna jambo. Sketi niliyoikata hanamu siishoni pindo siku hiyohiyo. Naitundika usiku kucha kwanza, kwa sababu inashuka yenyewe, tena haishuki sawa. Asubuhi unakuta mbele pamezidi vidole viwili, pembeni vinne. Hapo ndipo naweka chaki na kusawazisha. Mteja akiiona kabla hajui atasema fundi kaharibu. Fundi hajaharibu. Nguo iliyokatwa hanamu ndivyo ilivyo, na kazi ya fundi ni kuijua tabia yake kabla ya kupinda.

Mtafsiri wa Shangani

Dada, umenipa zaidi ya nilichoomba. Na umenikumbusha kitu: huo mtande Waingereza wanauita "warp", neno lilelile la ubao uliobenuka. Mizizi yake ni kutupa, kurusha, kwenye Kiingereza cha kale. Fundi wa kufuma anarusha uzi kukatiza mtande, na ubao nao unajirusha nje ya mstari wake.

"Hanamu" nitaliweka akiba. Nahofia tu vijana wa siku hizi hawalijui.

Fundi Redio Masasi

Wakuu, wenye umri wangu mtakumbuka kaseti. Juu yake paliandikwa "normal bias", nyingine "high bias". Wengi tulidhani ni ubora tu. Maana yake ni hii: mashine ikirekodi, huwa inaongeza juu ya sauti umeme wa mawimbi ya kasi sana usiosikika kwa sikio. Huo umeme wa nyongeza ndio unaoitwa "bias". Bila huo, utepe wa sumaku hauipokei sauti ndogo sawasawa, na ukisikiliza unapata "distortion", sauti imekwaruza na kupasuka. Kila aina ya utepe inataka kiasi chake, ndiyo sababu waliandika.

Nataka muone hapo. "Bias" imewekwa makusudi, tena na fundi, ili kuondoa "distortion". Kwenye redio pia, transista haifanyi kazi vizuri mpaka uipe umeme wa kuiegemeza kidogo kabla sauti haijaingia. Hata makusudi si lazima yawe ubaya.

Jukwaa la Nangwanda

Mtafsiri, nimekusoma na nakuheshimu, lakini naomba nikupinge, maana naona tunakoelekea si kuzuri.

Mimi ni mkulima na ni mpenzi wa mpira. Pale kwenye uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, refa akibeba timu tunasema anabeba, anaitia mbeleko, na tunamwona. Hatuwezi kusema filimbi imeegemea. Kuna mahali neno "upendeleo" ndilo sahihi na mtu aliyependelea anatakiwa asikie.

Niwape mfano wa msimu uliopita. Chama kimoja cha msingi cha ushirika, sitakitaja. Gunia nilipima nyumbani kwa mzani wa jirani, kilo 82. Nikafika ghalani, kilo 80. Gunia la pili 79 likawa 77. La tatu hivyohivyo. Niliuliza, nikajibiwa "mzani una tofauti kidogo". Ndugu zangu, mzani wenye tofauti ya bahati mbaya leo utanipunja, kesho utanizidishia. Huu ulikuwa unakula kilo mbili zilezile, kwa mkulima yuleyule, kila siku. Nilisimama pale nikiwaangalia akina mama wawili mbele yangu, wote walitoka wakihesabu vidole.

Sasa mkitufundisha kusema "mzani umeelekea upande" ndiyo mtakuwa mmewapa kichaka cha kujificha. Tafadhali.

Mtafsiri wa Shangani

Mkuu, huku si kunipinga, ni kunikamilisha, na nisingependa uondoke na wazo kwamba nawatetea wenye mizani.

Ulichokieleza ndicho wanatakwimu wanachokitenganisha. Kosa linaloangukia pande zote wanaliona la bahati, ukipima mara nyingi linajifuta lenyewe. Kosa linaloangukia upande mmoja kila mara ndilo "bias", na hilo ukipima mara elfu halipungui. Kuwepo kwake ni jambo moja, unaliona kwenye namba. Nani kalileta ni jambo la pili, linataka ushahidi wake. Mzani waweza kuwa umechoka springi, waweza kuwa umechezewa. Mkulima ana haki ya kusema kwa nguvu zote la kwanza, na kudai uchunguzi wa la pili.

Kwa hiyo pale ghalani ningesema: "Mzani huu unapunja kilo mbili kila gunia." Kitenzi kiko wazi, hasara iko wazi. Akibainika aliyeuchezea, tunabadilisha mkia na kutaja jina: fulani aliuchezea. Sitaki mkia wa kuficha mtu, na wa kumzulia mtu vilevile siutaki.

Kijana wa Ruangwa

Kwa hiyo "kuchakachua" liko kundi gani? Mimi nalitumia kwa kila kitu.

Jukwaa la Nangwanda

Hilo lina mtu ndani yake, mdogo wangu, tena mwenye dumu mkononi. Lilivuma kwenye mafuta, watu wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli, kisha likaingia kwenye kura mwaka 2010. Huwezi kusema dizeli imejichakachua.

Mwalimu wa Historia, Lindi

Nimefurahi kuuona uzi huu, maana nafundisha watoto kusoma vyanzo na hapa ndipo panaponisumbua.

Neno langu ni "slant". Kwa asili ni mteremko. Kwenye maandishi ni ule ujanja ambao hauna uongo hata mmoja ndani yake. Kila sentensi ni kweli, ila sakafu imeinamishwa, kwa hiyo msomaji anateremkia upande unaotakiwa bila kusukumwa. Huwezi kumkamata mwandishi kwa kosa la ukweli. Unamkamata kwenye kuchagua neno.

Angalieni mambo ya 1905 hadi 1907, yaliyoanzia Umatumbi, huku kwetu kusini. Vitabu vingi vya Kiingereza vinaandika "rebellion", uasi. Sisi tunaandika Vita vya Majimaji. Tarehe ni zilezile, waliokufa ni walewale. Lakini muasi ni mtu aliyevunja utii kwa mwenye haki ya kutiiwa. Ukishaandika "uasi" umeshakubali kwamba Mjerumani alikuwa na haki hiyo, na hujaandika hata sentensi moja ya kumtetea.

La pili liko karibu zaidi na hapa nilipo. Tendaguru, kilima cha huku Lindi. Mifupa ya mijusi wale wakubwa, dinosaria, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho pale, kimo chake kimezidi mita 13. Sentensi ya kawaida inasema "wanasayansi wa Kijerumani waligundua". Walikuwepo kweli, Janensch na Hennig ndio waliosimamia uchimbaji, siwanyimi. Lakini waliochimba, waliofunga mifupa na kuibeba vichwani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi walikuwa watu wa huku, mamia yao. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na ustadi wake wa kuifukua mifupa bila kuivunja Wajerumani wenyewe waliuandika. Nilipowapa wanafunzi wa kidato cha tatu sentensi ile waiandike upya kwa kumweka Boheti mwanzoni mwake, darasa zima lilibadilika. Mtoto mmoja akaniuliza kama babu zake nao walibeba. Nilimwambia kama walikuwa njia ile, huenda.

Sasa hapa, mtafsiri, mkia hautoshi. "Slant" inakaa kwenye kuchagua nani awe mtenda na nani asitajwe. Ningeiita "kuinamisha". Mwandishi ameiinamisha habari.

Mtafsiri wa Shangani

Mwalimu, kuinamisha nalichukua leo hii. Na unanirudisha kwenye ile -w- yangu. Sentensi ya kutendwa ndiyo kitu chepesi kuliko vyote cha kuinamishia. "Mifupa ilipelekwa Berlin." Na nani? Kwa ruhusa ya nani?

Mwalimu wa Historia, Lindi

Ndiyo. Na mwenzangu wa jiografia hapa ofisini anasema niwaongezee ramani. Ile ya ukutani iliyochorwa kwa njia ya Mercator ya mwaka 1569, Greenland inaonekana inakaribia Afrika kwa ukubwa, na kumbe Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mercator alikuwa anawasaidia mabaharia washike pembe ya safari bila kukosea. Huwezi kuulaza mviringo wa dunia juu ya karatasi bila kitu kuvutika, yeye aliamua ukubwa ndio uvutike. Hiyo kwao ni "distortion" na hakuna aliyedanganya. Ila anayeitundika darasani bila kuwaambia watoto, huyo nitamuuliza.

Nyaraka za Mnazi Mmoja

Vipi "spin"? Nalisikia sana kwenye habari za Marekani.

Mwalimu wa Historia, Lindi

Limetoka kwenye kuuzungusha mpira ili udunde upande usiotarajiwa. Wale wanaoitwa "spin doctors" walianza kutajwa magazetini Marekani mwaka 1984, kwenye midahalo ya urais: mdahalo ukiisha tu, wapambe wa kila upande wanawakimbilia waandishi kuwaeleza walichokiona. Kwetu hilo tuna "kupamba" na "kupika", sioni haja ya kutunga jipya.

Takwimu na Maisha

Nasoma takwimu, mwenyeji wa Newala. Naomba niseme kuhusu "skew", maana naona imefungwa pamoja na "bias" na si kitu kimoja.

Chukueni wakulima kumi, mfano wa kubuni. Tisa wamevuna gunia 4 kila mmoja. Wa kumi ana mashamba makubwa, kavuna gunia 64. Jumla gunia 100, wastani gunia 10. Nenda nyumba zote kumi, hukuti hata moja yenye gunia 10. Ukiwapanga kwa mstari na kumwangalia wa katikati, ana 4. Hapo kila mtu kahojiwa, mzani mzima, hakuna aliyerukwa. Bado data ni "skewed", kwa sababu zina mkia mrefu upande mmoja na mkia huo unauvuta wastani. Maisha yenyewe ndiyo yamekaa hivyo. Ukisema zimepotoshwa, umemtuhumu Mungu aliyempa yule mmoja ekari nyingi.

"Bias" ni pale ulipowahoji wa barabarani tu. Ni kama mpimaji wa ubora anayechoma gunia la korosho kwa bambo akaishia juu juu. Anachota sampuli, anakata korosho, anaona viini vyeupe vizuri, anaandika daraja la kwanza. Za chini zilizolala kwenye unyevu hazikuingia kwenye kiganja chake.

Kwa hiyo rudi kwa mtafiti umuulize: hiyo "skewed" yako ni mkia mrefu, au ulimaanisha tu kwamba matokeo yamevutwa na wale wa barabarani?

Mtafsiri wa Shangani

Nimempigia asubuhi hii. Alimaanisha ya pili. Asante sana, ningeyachanganya tena.

Pweza Mikindani

Hamjambo. Mimi Kiingereza sina, nasoma tu mnavyoandika.

Nimekulia kwenye vyombo hapa Mikindani. Mashua ikipakiwa gunia nyingi upande mmoja tunasema chombo kimeelemea. Unaiona hata ukiwa ufukweni, ubavu mmoja umeingia majini, mwingine unaonyesha mkuku. Nahodha akiona hivyo hamwiti mpakiaji mwongo wala hasemi kampendelea mtu. Anasema hamisha mzigo. Pengine aliyepakia alikuwa peke yake, maji yalikuwa yanatoka, akaweka palipo karibu. Kama alifanya kusudi azamishe, hiyo ni kesi nyingine na ina jina lake.

Basi sampuli yenu imeelemea upande wa lami.

Takwimu na Maisha

Mzee wangu, shikamoo. Hicho cha kuhamisha mzigo ndicho tunachofanya. Kama kaya za ndani kwa uwiano mmepata chache kuliko zilivyo kijijini, kila moja ya hizo chache inapewa uzito zaidi kwenye hesabu, na za barabarani zinapunguzwa, mpaka chombo kikae sawa. Lakini lazima ziwepo hata chache. Ukiwa huna hata kaya moja ya ndani, hakuna mzigo wa kuhamisha, unarudi kuwahoji.

Pweza Mikindani

Marahaba mwanangu. Ndivyo.

Fundi Hanamu, Lindi

"Imeelemea" imenikaa. Hata mama yangu ataielewa. Hanamu yangu ibaki kwenye nguo.

Jukwaa la Nangwanda

Naikubali kwa sampuli. Kwa mzani naendelea kusema unapunja.

Mtafsiri wa Shangani

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa kuwapa mrejesho, maana nilikaa kimya na wengine mmeniuliza.

Nilimwomba mtafiti tusiwatumie karatasi tu, twende wenyewe. Akakubali. Kabla ya mkutano nilipita nyumbani kwa yule binti. Alikuwa anaanua mihogo, hakunikaribisha mara moja. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba kosa lilikuwa langu la tafsiri na kwamba nitalisema hadharani. Mama yake ndiye aliyenipa kigoda. Binti aliniuliza swali moja tu: kwenye Kiingereza chenyewe kuna mahali waliandikwa kwamba walidanganya? Nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha neno kwa kidole, nikamwelezea lile tufe la kwenye nyasi. Alisoma sentensi ile mara mbili, midomo ikitembea.

Mkutanoni nilisimama nikasema: "Siku ile niliwasomea kwamba sampuli ina upendeleo na matokeo yamepotoshwa. Maneno hayo niliyaweka mimi, hayakuwa ya ripoti. Ripoti inasema hivi: Mvua zilizuia kufika kaya za ndani, kwa hiyo sampuli imeelemea upande wa barabara ya lami, na huenda matokeo yamevutwa na kaya hizo. Waliohoji walifanya kazi yao sawasawa."

Yule mzee wa siku ile alikuwepo. Akarudia neno kwa sauti, "imeelemea," kama anayeonja kitu. Kisha akamuuliza mtafiti kaya ngapi za ndani zilipatikana. Mtafiti akataja. Mzee akasema ni chache mno, huko ndani ndiko wenye mikorosho mizee walipo, na korosho zao zinachelewa kufika ghalani kwa ajili ya hiyo njia mbovu, sasa mtajuaje hali yetu? Mtafiti akaandika.

Wakakubaliana warudi kuhoji njia zikikauka. Walipouliza nani anazijua njia za ndani vizuri, ni mama yule aliyelalamika kwamba alirukwa ndiye aliyemtaja binti. Binti akasema ya upande wa bondeni ndiyo inayokauka mwisho, kwa hiyo waanze na ya mlimani, na wasiende na gari, waende na pikipiki.